Kuwaka Si Kupata Moto

Mpanda si mji wa baridi. Upo kwenye kimo cha meta 1,000 na ushei, miombo imeuzunguka pande zote, na ukifika mwezi wa 10 jua lake halina mzaha. Hata kipupwe cha mwezi wa 6 na wa 7 hakimtishi mtu: blanketi usiku, sweta alfajiri, ikifika saa 3 sweta limeshavuliwa. Ndiyo maana dereva aliyekulia hapa huamini, na ni kazi kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba kupasha injini moto ni shughuli ya watu wa Makete na Njombe, au ya Wazungu kwenye theluji yao. Yeye huzungusha ufunguo, injini inaitika, anatia gia, huyo. Nimeishi na malori tangu ujana wangu, kwanza utingo, baadaye dereva, siku hizi nipo gereji. Katika injini nilizoziona zimetandazwa juu ya turubai vipande vipande, kisa kilichojirudia kuliko vyote ni hiki: injini iliyobebeshwa mzigo kabla haijawa tayari. Na nyingi hazikufia kwenye baridi ya Ufipa. Zilianza kufa hapahapa Mpanda, asubuhi ambayo dereva wake alikuwa amevaa fulana.

Nilianza utingo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpanda wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Katavi ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Mji ulikuwa unapumua kwa reli, lile tawi la kutoka Kaliua lililojengwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi ya Uruwira. Machimbo yakafungwa, reli ikabaki. Treni ikishusha saruji, chumvi, sabuni na mafuta pale stesheni, malori ndiyo yaliyosambaza: Katumba na Mishamo kwenye makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, Karema ziwani, na kusini hadi Sumbawanga, ambako tulirudi na mahindi, maharage na ulezi. Lami hatukuwa nayo. Lori letu lilikuwa Isuzu ya tani 7 iliyokwishapita mikononi mwa matajiri kadhaa, kila mmoja akiacha kovu lake.

Dereva wangu alikuwa Mfipa wa Chala, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti la sufu alilolivaa hata Mpanda. Kazi alijifunzia barabara ya Zambia. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zambia ikabanwa upande wa kusini, mafuta yake yakaanza kupitishwa Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa juu ya malori, Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma, na shaba ikirudi kwa njia hiyohiyo. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, na iliua watu wengi hata ikapewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mafuta yalianza kupita chini ya ardhi, lakini vijana waliokuwa matingo kwenye zile Fiat zenye tela walishakuwa watu wengine. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amelala Makambako na Uyole katika usiku ambao maji ya ndoo yalifanya ngozi ya barafu juu. Baridi hakuisimulia. Alijua namna ya kuishi nayo, basi.

Safari ya kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga ina kichekesho chake cha kikatili kwa injini. Unapita Sitalike, unavuka mto Katuma wenye viboko, unaikata Hifadhi ya Katavi huku mbung'o wakiingia hadi ndani ya suruali, unafika Kibaoni kwenye joto la bonde la Rukwa. Halafu unaukabili ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Pale, saa 10 jioni, gia ya kwanza na ya pili, mshale wa joto ulikuwa unapanda hadi tunasimama, mimi nimeruka na gogo kuliweka nyuma ya tairi, rejeta inachemka, tunasubiri ipoe ndipo tuongeze maji. Saa chache baadaye tuko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye majani matupu na upepo usio na mti wa kuuzuia, kimo cha meta 1,800 hivi. Tunalala Chala. Na alfajiri, injini ileile iliyokuwa inalia joto jana inakataa kuwaka kwa sababu ya baridi.

Kwa Mzee, asubuhi ya Chala ilianza jioni ya jana yake. Hili nilichelewa kulielewa kwa sababu nilidhani tukifika tumefika. Yeye aliegesha lori mgongo ukielekea upepo, pua ikielekea macheo, na palipokuwa na mteremko alihakikisha tumesimama juu yake. Kabla ya kuzima aliiacha injini kwenye sailensi dakika chache ipumue. Kisha akanituma kufungua kizibo cha chini cha chujio la dizeli nimwage maji yaliyotuama. Tangi alipenda lilale limejaa, kwa sababu tangi tupu usiku wa baridi hutoa jasho kwa ndani, na jasho hilo ni maji, na maji yakifika kwenye pampu na nozeli ni hasara. Betri mbili tulizifunika kwa magunia makavu. Boneti tukaifunga turubai. Hayo yote tuliyafanya kabla ya ugali, na tumbo langu lilinuna kila mara.

Alfajiri, saa 11, mafundi wa njia nyingine walikuwa wakionekana hapo hapo maegeshoni. Dereva mmoja anachukua kopo, anaweka matambara yaliyolowa dizeli, anawasha na kulisukuma chini ya sampu. Moshi mweusi, vijana wamelizunguka wanaota moto. Njia hiyo ni ya zamani na haikuanzia Ufipa. Majira ya baridi ya 1941, askari wa Ujerumani waliokwama karibu na Moscow waliwasha mioto chini ya vifaru na malori yao ili yaamke. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Lakini Mzee hakuiruhusu. Sampu ya lori la kazi huwa imevuja, imegandiwa na mafuta na vumbi, waya za stata zinapita karibu, na oili iliyo chini kabisa inaungua kabla ile ya juu haijapata habari. Nimeona gasketi ya sampu iliyokauka kama karatasi kwa moto wa namna hiyo. Nimeona pia, mara moja tu, na yatosha, lori lililoteketea lote na magunia yake ya mahindi, na dereva wake ameketi pembeni kashika viatu vyake.

Yeye alifanya hivi. Aliingia kabini, akavuta ile kebo ya kuzimia na kunikabidhi niishikilie, dizeli isiende. Akakanyaga klachi hadi chini, ili stata isiizungushe injini pamoja na gia boksi iliyojaa oili nzito. Akazungusha injini kidogo, akaacha. Akasubiri. Akazungusha tena kidogo, akaacha. Injini haikuwashwa hata mara moja katika hatua hiyo. Alikuwa anaipandisha oili kutoka kwenye sampu iende kwenye beringi na kwenye kuta za silinda. Ndipo akaniambia, "Achia, mwanangu." Nikaachia kebo. Stata ikalia, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mzito unaowasha macho, ikashika. Hakupiga resi. Mguu wake ulikuwa mwepesi kabisa, na macho yalikuwa kwenye geji ya oili, si kwenye barabara, si kwa wenzake waliokuwa wakipiga kelele tuondoke.

Ni vizuri kueleza kilichokuwa kinatokea ndani, maana bila kukijua mtu huona ni ushirikina wa wazee. Injini ya dizeli haina cheche. Inawaka kwa sababu pistoni inaubana upepo, mara 16 hadi 20 na zaidi kutegemea aina ya injini, na upepo uliobanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyochoma kiganja. Ndani ya silinda joto hilo hupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo inajiwasha yenyewe. Sasa chuma kikiwa cha baridi kinalinyonya lile joto kabla ya dizeli kufika. Oili ikiwa nzito, injini inazunguka polepole, na upepo unapata muda wa kuvuja pembeni ya ringi. Betri nayo hupungukiwa nguvu kwenye baridi, saa ileile inapotakiwa kufanya kazi ngumu kuliko zote. Ongeza kimo: pale Ufipa hewa ni nyepesi, karibu moja ya tano pungufu kuliko pwani, kwa hiyo hata hicho cha kubana ni kidogo. Moshi mweupe ndio ushahidi. Ni dizeli iliyoingia ikakosa joto la kutosha, ikatoka kama ukungu bila kuungua.

Ile isiyotoka kama ukungu inakwenda wapi? Inateremka ukutani mwa silinda, inaosha utando wa oili, inaishia kwenye sampu na kuifanya oili kuwa maji. Ringi inasugua chuma kwa chuma. Huo ndio ugonjwa. Hauonekani siku hiyo wala mwezi huo. Unaonekana pale lori linapoanza kula oili na kupumua moshi kwenye mfuniko wa kujazia, na tajiri anamuuliza dereva kwa nini, na dereva anaapa kwamba hajui.

Baada ya injini kushika, kulikuwa na jambo lililotulazimisha kusubiri hata kama tungekuwa na haraka: upepo wa breki. Breki hazikamati hadi mitungi ijae, na mshale wa upepo una mwendo wake. Hapo ndipo nimeona madereva wengi wakifanya ubaya bila kujua. Wanapiga resi ili upepo ujae upesi. Injini inanguruma saa ambayo haijapata oili kichwani. Mzee aliutumia muda huohuo kuzunguka lori, kugonga matairi kwa fimbo, kutazama kamba za mzigo, kuchungulia chini kama kuna kilichovuja usiku. Akirudi, upepo umejaa, oili imesimama vizuri, moshi umeanza kupungua. Dakika tano hivi, pengine pungufu. Akatia gia ya kwanza.

Hakusubiri mshale wa joto upande. Nilimuuliza kwa nini, na jibu lake nimelirudia kwa kila utingo niliyempata baadaye. "Ukingoja hapa ipate moto, utangoja mpaka Pasaka. Moto inaupata njiani." Injini ya dizeli ikiwa kwenye sailensi inachoma dizeli kidogo mno, upepo mwingi unapita bila kazi, na badala ya kupata joto inabaki vuguvugu, ikijipaka masizi kwenye nozeli na vali. Lori kubwa linaweza kunywa lita 2 hadi 3 kwa saa likiwa limesimama tu, na faida yake ni ndogo sana baada ya zile dakika za mwanzo. Tena sailensi haiipashi gia boksi, haiipashi difu, haizipashi beringi za magurudumu wala matairi. Hivyo vyote hupata moto kwa kutembea. Kwa hiyo tulitembea. Gia za chini, mguu mwepesi, hakuna kupita mtu, mpaka mshale uguse mahali pake. Wenzetu walitupita wakipiga honi.

Siku moja, mzigo ukiwa tayari Mpanda na tajiri amesimama palepale akitazama saa yake, Mzee alifanya utaratibu wake wote kama tuko Chala. Tajiri alichukizwa. Alisema hadharani kwamba huyu mzee anadhani Mpanda ni Ulaya. Tulipoondoka nikamuuliza kwa adabu, "Mzee, kwani hapa nako kuna baridi gani?"

Akasimamisha lori pembeni ya barabara ya Sitalike, jambo asilozoea kulifanya. "Injini inataka nyuzi ngapi ndipo ifanye kazi?"

"Themanini."

"Leo asubuhi hapa Mpanda kulikuwa na ngapi?"

Nikakisia kumi na nane.

"Na Chala juzi?"

"Labda nane."

"Haya. Mmoja ana safari ya kutoka kumi na nane mpaka themanini, mwingine kutoka nane mpaka themanini. Nani kafika?"

Hapo ndipo nilipoanza kuyatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya hadi leo. Kuwaka ni jambo moja, kupata moto ni jambo jingine. Joto la Mpanda linaisaidia injini kuwaka. Haliifikishi popote kwenye kupata moto. Na huenda Mpanda ni hatari zaidi, kwa kuwa kule Ufipa injini inakataa, inakohoa, inatoa moshi, inamlazimisha dereva amheshimu mwenzake huyo wa chuma. Hapa inaitika mara moja, na dereva anadhani amepewa ruhusa.

Nchi zenye baridi ya kweli zilishalikubali hili zamani. Andrew Freeman, wa North Dakota huko Marekani, alipata hataza ya hita ya injini mwaka 1949, na leo Canada na Alaska lori linalala limechomekwa kwenye umeme, maji yake yakipashwa usiku kucha. Dizeli yao ya majira ya baridi nayo ni tofauti, imeandaliwa isigande nta. Sisi hatuna haja ya hayo yote. Asubuhi zilizozidi ukali, Mzee alimwaga maji ya rejeta jioni, na alfajiri akamwomba mama wa nyumba ya wageni maji kutoka kwenye pipa lililokuwa juu ya moto wa magunzi. Aliyataka ya uvuguvugu, si ya kutokota, kwa sababu maji ya kutokota kwenye bloku ya baridi yanaweza kuipasua hedi. Alianza kwa kidogo, akangoja, akaongeza. Bloku ikipata uvuguvugu huo tu, stata inazunguka kwa sauti nyingine kabisa.

Nilipoanza kuendesha mwenyewe niliingia kwenye Scania yenye turbo, na hapo utaratibu wa Mzee ukaongezeka uzito. Mhimili wa turbo unazunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika na unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Injini ikiwa ya baridi oili huchelewa kufika kule juu. Ukipiga resi katika sekunde zile za mwanzo, mhimili unazunguka mkavu. Nilimjua deiwaka mmoja, dereva mzuri wa njia mbaya, mtu asiyekwama kwenye tope hata iweje, ambaye alipewa lori la watu kwa safari moja ya Namanyere. Asubuhi aliwasha kwa vishindo kama alivyozoea, na jioni akazima papo hapo baada ya kupanda mlima, turbo ikiwa nyekundu. Lori liliporudi lilikuwa linapiga filimbi. Tajiri akalaumu vipuri, fundi akalaumu oili, na deiwaka akaondoka na posho yake. Sikuwa na cheo cha kusema siku hiyo, lakini nilijua.

Oili nayo ilikuwa na fungu lake. Kwa miaka mingi huku kwetu tulimimina namba 40 tupu kwenye kila injini, nzito kama asali ya nyuki wakubwa wa Inyonga, kwa imani kwamba nzito ndiyo imara. 15W-40 ilipozoeleka, wengi waliiona nyepesi wakaikataa. Ile tarakimu ya kwanza inahusu jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, ya pili inahusu injini ikiwa imepata moto. Kwa lori linalolala Sumbawanga na kuchemka Lyamba lya Mfipa ndani ya safari moja, sijui oili nyingine inayofaa zaidi.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote hayo, nalo ni themostati. Nenda gereji yoyote kati ya Mpanda na Sumbawanga, sema lori lako linachemka, na kabla hujamaliza sentensi kijana ameshashika spana kuitoa. "Hii ya Wazungu, huku joto." Imekuwa kama tohara, kila lori lazima lipitie. Nami naelewa imani hiyo ilikotoka, kwa sababu tulikuwa tunatia maji ya mtoni yenye tope, rejeta zikaziba, themostati zikagandia zimefungwa, na aliyeitoa akaona nafuu siku hiyohiyo. Lakini kazi ya kifaa hicho kidogo ni kuyazuia maji ndani ya injini mpaka yafike nyuzi 80 hivi, ndipo kiyafungulie njia ya kwenda kwenye rejeta. Ukikitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na juu ya Ufipa, upepo ule ukipiga, injini inaweza kutembea kutwa nzima bila kufikia joto lake. Dereva anafurahi mshale upo chini. Ndani, dizeli inaosha silinda, oili inajaa maji na kuwa kama uji chini ya mfuniko. Na kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huwa inaziba kile kinjia kifupi kinachoyarudisha maji bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na lori linachemka mlimani vilevile. Yaani umepata hasara ya baridi na hasara ya joto kwa pamoja. Madereva wakaanza kuweka boksi mbele ya rejeta kutibu baridi waliyoitengeneza wenyewe, kisha wakasahau kuliondoa walipofika mlimani.

Miaka hii nimegundua jambo ambalo Mzee hakuishi kuliona. Sisi tulikuwa tunapashiwa injini na barabara. Kutoka stendi ya Mpanda kwenda popote ilikuwa mashimo, matope, mchanga. Hata dereva mwenye haraka kuliko wote alilazimika kutembea gia ya pili kwa nusu saa ya kwanza, na katika nusu saa hiyo injini yake, difu yake na matairi yake vilipata moto taratibu bila yeye kukusudia. Sasa lami imefika. Mpanda hadi Sitalike ni lami, upande wa Tabora kupitia Inyonga na Sikonge ni lami, na kule juu kuelekea Sumbawanga pia. Ni neema kubwa, na mimi niliyelala porini siku za masika nikisubiri tope likauke siwezi kuibeza. Ila kijana anawasha semi yenye tani 30 mgongoni saa 11 alfajiri, anatoka maegeshoni, na baada ya dakika tatu yuko kasi 80. Kilichokuwa kinafanywa na barabara mbovu sasa lazima kifanywe na mtu, na mtu hakuambiwa.

Malori mapya yana kompyuta. Mengine hukataa kupandisha mzunguko wa injini hadi oili ifike, mengine yana hita kwenye njia ya upepo, na taa ndogo ya msokoto inayowaka kwenye deshibodi ikimwomba dereva asubiri. Vijana hawaisubiri. Nimekaa nao kabini nikawaona wakizungusha ufunguo moja kwa moja huku taa bado inawaka, na lori likawaka, kwa hiyo wakaona hakuna tatizo.

Mwaka jana kipupwe kilipoanza, dereva mmoja wa Fuso alikuja gereji analalamika kwamba likitoka Sumbawanga halina nguvu hadi saa 4, linakula dizeli, na kabini haina joto hata akifungua hita. Nikagusa bomba la juu la rejeta injini ikiwa imewaka muda mfupi tu. Lilikuwa tayari linapitisha maji.

"Mdogo wangu, nani katoa themostati?"

"Mzee, nimelikuta hivyohivyo. Kwani inahitajika?"

Madukani Mpanda haikupatikana. Hakuna anayeuliza, hivyo hakuna anayeleta. Ikaagizwa Mbeya, ikaja na basi. Kabla ya kuifunga nilimwita yeye na vijana wa gereji, tukamwendea mama lishe wa jirani kuazima sufuria. Tukaweka maji jikoni, tukaitumbukiza na kipimajoto pembeni. Nyuzi 50, imefunga. Nyuzi 70, imefunga, na kijana mmoja akasema hii mbovu. Ilipokaribia 80 ikaanza kuachama polepole, na maji yalipokuwa yanachemka ilikuwa wazi kabisa. Dereva akaitoa kwa koleo, akaishika hewani akiitazama inavyojifunga kadiri ilivyokuwa inapoa, akairudisha majini aione tena. Mama lishe alitaka sufuria yake, wateja wa chai walikuwa wanasubiri. Tukamlipa maji na mkaa, tukaenda kulaza kabini ya lile Fuso.